Mia ya Dola Kutazama Barafu

Mara ya kwanza nilipopanda kwenda Emerald Lake, nilibeba mabapa ya theluji mgongoni kutwa nzima, kama mtu aliyetumwa kuyapeleka kwa mwenyewe. Nasema yale mabapa mapana yanayofungwa chini ya viatu ili mtu asizame kwenye theluji laini. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na binamu yake, na tulikodi jozi tatu kwa dola 20 kila moja, kwa sababu kijana wa dukani alituapia kwamba bila hayo mlimani hatufiki. Tulipofika mwanzo wa njia tukakuta theluji imeshindiliwa na miguu ya watu mpaka imekuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Tulipiga hatua hamsini hivi, kila mmoja akijikanyaga mwenyewe, tukayavua. Wakati tunahangaika na mikanda, alitupita mtoto wa miaka saba mwenye minyororo midogo yenye meno chini ya buti zake. Alikuwa anakimbia. Meno yale yalikuwa yanakodishwa duka lilelile, kwa nusu ya bei.

Tangu siku hiyo naandika kila senti inayotoka. Ninaishi Aurora, pembeni ya Denver, jimbo la Colorado, mji ambao kwenye foleni ya duka la vyakula unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mombasa na cha Tabora kwa asubuhi moja. Kila ikifika Desemba swali huwa lilelile: wageni wamekuja, wanataka kuona theluji ya kweli na ziwa lililoganda, itatugharimu kiasi gani? Jibu linategemea mgeni ni nani, gari lina matairi gani, na miguuni umevaa nini. Ziwa lenyewe ndilo linalokula pesa kidogo kuliko vyote.

Nianze na Emerald Lake, kwa kuwa ndilo wengi wanaloliona kwenye picha. Limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, juu ya mji wa Estes Park. Barabara ya kwenda Bear Lake, ambako njia inaanzia, huondolewa theluji na kubaki wazi majira yote ya baridi. Hapo maegeshoni uko mita 2,880 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa nikisema kwamba unashuka garini ukiwa juu kuliko kibanda cha Mandara, kilicho mita 2,720. Kutoka hapo ni mita 800 kufika Nymph Lake, kilomita 1.8 kufika Dream Lake, na karibu kilomita 3 kufika Emerald lenyewe, kwenye mita 3,080 hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 6. Kwa karatasi ni matembezi ya kwenda sokoni na kurudi. Kwa mapafu ya mtu aliyetua jana kutoka pwani ni habari nyingine, na ndiyo maana kwa mgeni naacha angalau siku mbili akiwa mjini Denver kwanza, kwenye mita 1,600. Siku hizo mbili ni dawa ya bure.

Langoni

Gari la kawaida hulipa dola 30 kwa siku moja, au 35 kwa siku saba. Kadi ya benki tu, noti hawapokei. Kadi ya mwaka ya hifadhi hii peke yake ni dola 70, na ile ya hifadhi zote za serikali kuu, iitwayo America the Beautiful, ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Hesabu haihitaji kikokotozi: safari ya tatu ya siku mojamoja inakufikisha dola 90, kwa hiyo anayejua atarudi mara tatu kwa mwaka anunue kadi. Na akinunua, sioni sababu ya kuchukua ya 70. Dola 10 za ziada zinakufungulia matuta ya mchanga ya Great Sand Dunes, magofu ya Mesa Verde na kwingineko nchini. Katika miaka yangu hapa sijaona dola 10 zinazofanya kazi zaidi ya hizo.

Kuna mlango wa pembeni ambao wazazi wengi hawaujui. Mtoto aliye darasa la nne ana haki ya kadi ya bure ya mwaka mzima wa shule, kupitia mpango wa Every Kid Outdoors, nayo humwingiza pamoja na walio naye garini. Unajaza maswali machache kwenye intaneti, unapata kadi, unaionyesha langoni. Mwenye ulemavu wa kudumu ambaye ni raia au mkazi wa kudumu hupata kadi ya maisha bila malipo, na mwenye miaka 62 na kuendelea, kwa masharti hayohayo ya ukazi, hulipa dola 20 kwa mwaka au 80 kwa maisha yake yote.

Na kuna mtego. Unaposajili gari Colorado, unatozwa dola 29 za kadi ya hifadhi za jimbo usipokataa. Ni kadi nzuri, nami huilipa, lakini ni ya hifadhi za jimbo. Rocky Mountain ni ya serikali kuu. Nimeshuhudia baba mmoja akibishana langoni, usajili wa gari mkononi, watoto wanne nyuma, foleni ya magari ishirini mgongoni kwake. Alilipa 30.

Sasa mgeni. Tangu Januari 1, 2026, hifadhi 11 maarufu, hii ikiwemo, zinamtoza asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na kuendelea dola 100 za ziada kama hana kadi ya mwaka. Kadi ya mwaka ya mgeni ni dola 250. Ukazi unathibitishwa kwa kitambulisho kilichotolewa na serikali ya Marekani, kwa hiyo leseni ya udereva isibaki kwenye suruali nyingine. Kwa mgeni anayepita hapa tu, 250 haina maana. Kwa anayeunganisha Rocky Mountain, Grand Teton na Yellowstone katika safari moja, mia tatu zinaonekana waziwazi, na kadi inakuwa nafuu kabla hujafika lango la tatu. Kabla ya kuondoka, soma ukurasa wa hifadhi kuhusu wageni wanaosafiri na mwenye kadi ya mkazi. Swali hilo huulizwa ukiwa nyumbani, si dirishani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kushangaa sana. Serengeti na Kilimanjaro mgeni hulipa dola na mwenyeji shilingi, na tumekuwa tukiona ni sawa kabisa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyesimama upande wa dola ni shangazi yangu wa Tanga. Nilipomsomea bei alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mia ya dola kutazama barafu, mwanangu? Si ipo kwenye friji yako?"

Kwa upande mwingine, majira ya baridi yana nafuu yake. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba, kuingia Bear Lake kunahitaji kuhifadhi saa yako mapema, na nafasi hugombaniwa kama tiketi za watani wa jadi. Desemba hadi Machi hakuna kibali hicho. Unakuja, unalipa, unaingia. Ila basi za bure za hifadhi zinazozunguka Bear Lake kiangazi hazipo, na basi la Bustang kutoka Denver hadi Estes Park nalo ni la kiangazi. Bila gari huendi.

Miguuni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, nami nimelipa ada ya shule, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vifaa vya kutembelea thelujini viko vya aina tatu. Kuna mabapa niliyokwisha kuyataja. Kuna njumu za barafu, yaani utando wa mpira unaovutwa juu ya kiatu, wenye minyororo na meno ya chuma chini yake. Mcheza mpira anaziona na kuzielewa mara moja, ndiyo maana sisi nyumbani tunaziita njumu. Na kuna zile za bei rahisi zenye waya uliosokotwa kama springi, zinazouzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Za springi hugharimu dola 20 au 25, na zinafaa kwa kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Kwenye mteremko wa barafu ngumu springi huteleza, na kati ya Nymph na Dream kuna miteremko kadhaa iliyosuguliwa na matako ya watu mpaka inang'aa. Usizipeleke huko.

Njumu za kweli ziko katika madaraja mawili. Zile za Kahtoola, ambazo waongozaji wengi wa hapa wanavaa, ni karibu dola 75 au zaidi kidogo. Zinazofanana nazo, zisizo na jina, huuzwa mtandaoni dola 25 hadi 30. Nimetumia zote mbili. Za bei rahisi zilidumu misimu miwili, halafu kiungo cha mnyororo kikafunguka nikiwa nashuka, nikamaliza kilomita mbili nikichechemea kama mbuzi mwenye kwato moja. Za bei ghali zinaingia mwaka wa tano. Kukodi ni dola 8 hadi 15 kwa siku kutegemea duka na mji. Kwa hiyo mgeni wa siku moja akodi. Mkazi anunue, tena asihesabu safari za ziwani peke yake: njumu hizohizo zinakutoa kwenye kituo cha basi hadi kazini Januari nzima, wakati barabara za Aurora zimeganda na mwenye nyumba hajamwaga chumvi. Kuvunjika kifundo cha mkono mjini kunauma sawasawa na mlimani, na hospitali ni ileile.

Mabapa yanakodishwa kwa dola 10 hadi 25, na jozi nzuri mpya inaanzia dola 150 hivi. Yana siku yake. Theluji ikianguka usiku kucha na wewe ukafika kabla ya watu, au ukiwa unatoka nje ya njia kuu, bila mabapa unazama mpaka gotini kila hatua. Kwa njia ya Emerald Lake, wikendi ya kawaida, huyahitaji. Mimi hutazama kamera za hifadhi na hali ya hewa ya siku tatu zilizotangulia. Kama haijaanguka theluji nyingi mpya, nachukua njumu tu. Ikiwa imeanguka, nakodi mabapa asubuhi hiyohiyo Estes Park, ambako maduka yako njiani, badala ya kukodi Denver siku moja kabla kwa kubahatisha. Anayetaka kuyajaribu kwa bei ndogo afuatilie matembezi ya bure ya mabapa ambayo wahifadhi wamekuwa wakiyaongoza majira ya baridi. Unahifadhi nafasi na kuja na mabapa yako. Muongozaji wa kulipia atakuomba dola mia na kitu kwa mtu. Kwa Emerald Lake siku yenye jua hiyo ni anasa, kwa bonde usilolijua ni busara.

Buti zenyewe? Zisipitishe maji, na ziwe na nafasi ya vidole kucheza. Njumu hubana, kiatu kilichokwisha kubana kikivikwa njumu kinazuia damu, na vidole visivyopata damu huganda. Raba za mazoezi zitakufikisha Nymph Lake, hazitakurudisha ukiwa na furaha. Wageni huvalishwa buti za wenyeji, na hapa soksi ndiyo mchawi: watu huvaa jozi tatu za pamba wakidhani wingi ni joto. Jozi moja nene ya sufu inazishinda zote. Duka la milima litakuuzia jozi moja kwa dola 20 au zaidi; Costco huuza pakiti ya jozi kadhaa zenye sufu kwa bei isiyozidi hiyo. Sijaona tofauti iliyonifanya nijute.

Mwilini

Kuhusu nguo nitakuwa mfupi, maana jambo ni moja: pamba ibaki nyumbani. Jasho likiingia kwenye fulana ya pamba halitoki, na ukisimama dakika tano kula andazi, jasho lile linakuwa barafu mgongoni. Suruali ya jinzi iliyolowa huganda ikasimama yenyewe. Ndani vaa kitu cha kukausha jasho, katikati kitu cha joto, juu kitu cha kuzuia upepo, na vyote viwe rahisi kuvua, kwa sababu ukipanda utasikia joto mpaka ushangae.

Vipya dukani, kutoka boshori hadi suruali ya nje, mtu mzima hafiki chini ya dola 300 bila kuhangaika. Mimi sijawahi kulipa hata robo yake. Denver ni mji wa watu wanaonunua vifaa vya mlimani Novemba na kuvitupa Aprili, na vyote huishia kwenye maduka ya mitumba. Maduka ya arc yana kawaida ya punguzo la nusu bei siku ya Jumamosi kwa vitu vingi. Fika mlango unapofunguliwa. Sharti ni kujua unachotafuta, kama ulivyokuwa ukijua kwenye soko la Karume au la Gikomba: geuza nguo, soma lebo ya ndani, kataa pamba, vuta zipu mpaka mwisho mara mbili, nyosha mshono wa kwapa. Jaketi la kuzuia upepo la dola 8 hadi 15 na sweta la dola 5 vinatosha. Anayetaka uhakika zaidi atazame vifaa vilivyotumika vya duka la REI. Uanachama ni dola 30 za maisha, nao hukubali mwanachama arudishe kifaa kipya ndani ya mwaka mmoja. Vitu viwili tu sivinunui mitumba: soksi, kwa sababu zinazojulikana, na glovu, kwa sababu glovu iliyokwisha kupasuka kwa ndani huwezi kuiona mpaka uwe juu.

Barabarani

Watu hutumia wiki nzima kulinganisha bei za jaketi, halafu wanapanda mlima na matairi yaliyoisha.

Sheria ya Colorado inataka hivi: kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kila gari dogo liwe na matairi yanayofaa theluji au matope yenye kina cha kashata kisichopungua inchi 3/16, yaani karibu milimita 5, au liwe linavuta kwa magurudumu yote manne likiwa na kina hicho, au libebe minyororo au soksi za kitambaa za matairi zinazokubalika. Barabara nyingine za jimbo huingia kwenye sheria hiyo dhoruba inapotangazwa. Faini ni zaidi ya dola 130, na ukiziba barabara ni zaidi ya 650. Kwa 650 ungekwenda ziwani misimu mitatu.

Aliye na gari lake, kwanza atazame ubavuni mwa tairi kama kuna alama ya M+S au mlima wenye chembe ya theluji. Magari mengi ya hapa yanayo tayari, kinachokosekana ni kina. Seti ya matairi ya baridi ni mamia ya dola. Usiinunue kwa ajili ya ziwa moja. Soksi za matairi au minyororo, kati ya dola 40 na 100, vinakidhi sheria na vinakaa kwenye buti ya gari kwa miaka.

Anayekodi gari ana shida tofauti. Kampuni moja ya uwanja wa ndege, nisiyoitaja, ilimpa rafiki yangu gari dogo lenye matairi ya kiangazi katikati ya Januari, naye alipouliza akaambiwa magari yote yanafaa hali zote. Kagua mwenyewe kwenye maegesho kabla hujasaini, piga picha ya matairi, kataa lisilo na alama. Gari la magurudumu manne kwa siku linaweza kufika dola 80 au 100 ambapo dogo ni 50. Kwenye Turo unaweza kuchagua gari la mtu binafsi na kusoma kabla kwamba lina matairi gani, jambo ambalo kaunta ya uwanjani haikuahidi. Hiyo tofauti ya dola 30 au 40 mimi huilipa bila kusita.

Mafuta si kitu. Kutoka Aurora hadi Bear Lake ni karibu kilomita 140. Kwenda na kurudi gari la kawaida hunywa galoni 6 au 7, dola 20 hivi.

Usipoteze asubuhi. Wikendi maegesho ya Bear Lake hujaa hata kukiwa na baridi ya kukata masikio, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, tena milima hulificha mapema zaidi. Mimi hupenda saa mbili na nusu asubuhi niwe nimeshafunga njumu. Chakula nabeba: mtu mmoja mgahawani Estes Park ni dola 15 hadi 20, na familia ya watano inamaliza hapo pesa zote za langoni mara tatu. Chai ya tangawizi kwenye themosi, korosho, maandazi. Chapati hapana, mafuta yake huganda na kuwa nta mdomoni. Chupa ya maji iwekwe kichwa chini begini, maana maji huanza kuganda juu, na ukiigeuza mdomo wa chupa unabaki wazi.

Bima ya watu wa milima

Colorado ina kadi ndogo ya waokoaji, CORSAR, dola 5 kwa mwaka au 20 kwa miaka mitano. Wengi hudhani ni bima. Si bima. Vikosi vya uokoaji vya jimbo hili ni vya kujitolea na havimtozi aliyeokolewa. Kadi yako inachangia mfuko unaowarudishia gharama zao. Kinachotoza ni helikopta ya hospitali na hospitali yenyewe. Kwa hiyo mkazi anunue kadi kwa moyo mwema, na mgeni asiye na bima ya afya ya safari aikate kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mguu uliovunjika Marekani ni deni la miaka.

Kitu cha thamani zaidi kwenye orodha yangu yote hakina bei. Kituo cha habari za maporomoko ya theluji cha Colorado, kinachojulikana kwa herufi CAIC, hutoa utabiri kila siku bure, kwa ngazi kutoka 1 hadi 5. Theluji huporomoka hasa kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi, na kati ya Dream na Emerald njia inapita chini ya miteremko ya namna hiyo. Siku ambayo utabiri ni mbaya sisi huishia Dream Lake, na sijawahi kuona kwamba tumepunjwa. Dream ndiyo nzuri zaidi, kwa maoni yangu: upepo hufagia theluji yote juu yake, ukasimama juu ya barafu ya buluu yenye nyufa nyeupe ndani, na kilele cha Hallett kimekuinamia. Barafu safi na ngumu ya sentimita 10 humbeba mtu anayetembea, lakini usikaribie mahali maji yanapoingia au kutoka, hapo huwa nyembamba hata Februari. Simu huko juu haishiki mtandao; ramani ipakuliwe nyumbani.

Ziwa la bure

Sasa turudi kwa shangazi. Sikumpeleka Emerald Lake. Magoti yake yana miaka 66, na ile mia ya dola ilishamkaa kooni. Tulikwenda Echo Lake.

Echo Lake liko kwenye mita 3,230 hivi, juu kuliko Emerald, chini ya Mlima Blue Sky, ule uliokuwa ukiitwa Mount Evans hadi 2023. Ni mali ya jiji la Denver, miongoni mwa hifadhi zake za milimani, na hakuna lango la kulipia. Unatoka I-70 pale Idaho Springs, unapanda barabara namba 103 kwa kilomita 22 hivi, unaegesha karibu na maji. Barabara ya kwenda kileleni hufungwa majira ya baridi, hii ya ziwani huendelea kupitika. Kutoka kwetu ni karibu kilomita 95, dola 13 au 14 za mafuta kwenda na kurudi. Hakuna kupanda, unalizunguka ziwa kwenye tambarare.

Ubaya wake ni barabara. Unapita I-70, kwenye sheria ya matairi, pamoja na kila mtu wa Denver aliye na mbao za kuteleza juu ya gari. Ukiondoka Jumamosi saa moja na nusu asubuhi utakaa foleni. Ukirudi Jumapili alasiri utaijua foleni kwa jina. Sisi tulikwenda Jumanne. Upepo nao ni mkali kuliko Bear Lake, miti ni michache ufukweni, na hakuna mahali pa kununua chai. Mwenye mapafu mazuri na kadi ya mwaka bado aipe Emerald nafasi ya kwanza, kwa kuwa kule kutembea kwenyewe ndiyo nusu ya raha. Brainard Lake, juu ya kijiji cha Ward, ni la watu wa aina nyingine tena: geti hufungwa msimu wa baridi na unatembea karibu kilomita 4 kila upande juu ya barabara iliyojaa theluji. Huko mabapa yanalipa kodi yake.

Jumla yetu ya siku ile, watu watatu: mafuta dola 14, njumu mbili za kukodi dola 20 kwa shangazi na mke wangu, mimi nina zangu. Jaketi la shangazi dola 8, la mitumba, jekundu, limemkaa kama lilishonwa Tanga. Chai na maandazi ya nyumbani. Dola 42. Siku kama hiyo Emerald Lake, kwa mgeni asiye na kadi, dola 130 zingeishia langoni kabla mtu hajafunga kamba za viatu.

Shangazi alishika mkono wangu, akaweka mguu mmoja juu ya ziwa, akausikiliza, akaweka wa pili. Alitembea hatua kumi, akapiga kisigino mara mbili kama anayepima mbao za mtumbwi, akacheka peke yake. Kisha akainua pindo la jaketi akasoma tena kile kikaratasi cha bei ambacho sikukumbuka kukikata.

"Dola nane," alisema. "Mwanangu, hili Karume ningelipata kwa nusu ya hapo. Tena limeshavuka bahari."